Globe: nyumba ya teatre iliyovuka mto

Hapa kwetu wengi wanajua taabu ya kujenga kwenye parseli ya mwingine: nyumba ni yako, udongo si wako. Globe ya London ilizaliwa katika taabu kama ile. Watu wanaitaja tu juu ya Shakespeare. Sisi tunapenda kusema juu ya mbao zake.

Mwaka 1576 James Burbage, aliyejifunza useremala mbele ya kuwa mchezaji, alijenga nyumba ya michezo ya mbao kule Shoreditch, ikaitwa The Theatre. Kontra ya udongo ilikuwa ya miaka 21. Ilipokwisha mwaka 1597, Burbage alikuwa amekwisha kufa, na watoto wake hawakupatana na mwenye udongo, Giles Allen. Wao walisema: kontra ilimpa baba haki ya kubomoa na kuchukua vyake. Allen akakataa. Basi, tarehe 28 Desemba 1598, katika siku za Noeli, wakaja na fundi Peter Street na wafanyakazi wake, wakaanza kufungua nyumba.

Kufungua, ndiyo, si kuvunja. Mihimili ya mwaloni iliunganishwa bila kutegemea misumari: ulimi wa mbao moja unaingia katika tundu la nyingine, halafu kijiti cha mwaloni kinapita ndani na kuzifunga. Ukitoa vijiti, nyumba inaachana sawa kitanda.

Allen alishitaki, akadai pauni 800, akashindwa. Mbao zilivushwa mto Thames, na mwaka 1599 Globe ikasimama Southwark. Makuta yalikuwa kidogo, kwa hiyo wachezaji wenyewe walitia sehemu zao, Shakespeare naye. Mtunzi akawa mmoja wa wenye nyumba; kwetu sisi hii ni jambo kubwa.

Nyumba ilikuwa ya pembe nyingi, karibu mviringo, na ghorofa tatu za kukaa. Katikati uwanja bila paa, mahali pa kusimama kwa peni moja. Juu, nyasi. Tarehe 29 Juni 1613 walipiga mzinga katika mchezo wa mfalme Henry VIII, cheche zikashika nyasi, yote ikaungua. Hakuna aliyekufa, suruali ya mtu mmoja ilishika moto, wakaizima kwa bia! Mwaka 1614 wakajenga tena, mara hii na vigae. Mwaka 1642 Bunge lilifunga teatre zote.

Globe ya leo ilifunguliwa mwaka 1997, kwa bidii ya Sam Wanamaker, mchezaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1993. Ni ya mwaloni na vijiti vilevile, paa ya nyasi tena, lakini na mabomba ya maji juu yake. Haiko pa zamani kabisa, ni mita 200 na kitu kutoka pale. Misingi ya kwanza, iliyoonekana kipande kidogo mwaka 1989, imelala chini ya nyumba zingine zinazolindwa na sheria, na wachimbaji hawakuweza kuendelea.