Kazi ya Shuruti na Mpaka Wake na Utumwa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 25, yakataza kazi ya shuruti, na papo hapo yaeleza kwamba kazi afanyayo mtu kwa hukumu ya mahakama haihesabiwi katika jina hilo. Istilahi hii ni fasaha, nayo yashinda “kazi ngumu” ya mahakama zetu za zamani, ambayo hutaja uzito wa kazi na kunyamaza juu ya hiari. Walakini yaliacha pale pale suali lililo kubwa zaidi, nalo ni kama mfungwa alazimishwaye kulima pasipo ujira ni mtumwa ama siye.

Wamarekani, walipoufuta utumwa mwaka 1865 kwa marekebisho ya 13 ya katiba yao, walikataza mambo mawili pamoja, utumwa na ule utumishi usio wa hiari, ambao mimi ningeuita utumikishwaji, kwa kuwa mtumishi aweza kuaga akaenda zake; kisha wakaliacha nje ya katazo jambo moja, adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa jinai. Kwa mwanya huo majimbo ya kusini yakatunga sheria za uzururaji, na mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi akakamatwa, akahukumiwa, akakodishwa kwa wenye mashamba, migodi na reli, na ijara yake ikapokewa na serikali. Mwaka 1871 mahakama ya Virginia ilitamka bila kificho kuwa mfungwa ni mtumwa wa dola. Dhuluma hiyo ya kukodisha wafungwa yaweza kusemwa kuwa ilizidi ile ya kale, maana bwana wa kale alipata hasara mtumwa wake alipofariki, ilhali aliyemkodi mfungwa aliletewa mwingine. Na Alabama haikuiacha hadi mwaka 1928.

Kimataifa, Mkataba wa Utumwa wa 1926 uliuweka utumwa katika mamlaka ya miliki juu ya mtu, na ule wa kazi ya shuruti wa 1930 ukamtoa mfungwa katika hifadhi yake, kwa sharti asimamiwe na serikali, wala asikabidhiwe mtu au kampuni binafsi. Sharti hilo ni jema, lakini halinitoshi. Mfungwa afagiaye chumba chake au kuwapikia wenzake yumo katika nidhamu ya gereza. Bali yule ambaye zao la mikono yake huuzwa, asipate kitu ila senti chache, na akikataa hutiwa upwekeni, huyo amemilikiwa, hata kama mmiliki ni serikali. Hali hiyo ndiyo ya gereza la Angola, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, lililosimama juu ya shamba la zamani la watumwa, ambako wafungwa wangali wakilima.

Jimbo la Colorado liliyafuta maneno ya mwanya ule wa adhabu ya jinai katika katiba yake mwaka 2018, na majimbo mengine yakafuata, ingawa wapiga kura wa California walikataa kufanya hivyo mwaka 2024. Hata hivyo wafungwa wa Colorado walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2022, wakilalamika kwamba wakikataa kazi wangali wakiadhibiwa.