Kuba: Uhuru Ulioandikwa Washington

Kila ninapofundisha mada ya ukoloni mamboleo, huwauliza wanafunzi wangu Kuba ilipata uhuru mwaka gani. Wengine husema 1898, wengine 1902, na wachache wenye ari husema 1959. Kila jibu lina hoja yake. Hakuna anayetaja 1901, ilhali naamini huo ndio mwaka unaoieleza miaka mingine yote.

Wakuba walianza kupigana na Hispania tangu 1868. Vita vya mwisho vilianza Februari 1895, na José Martí, aliyeviandaa, aliuawa miezi mitatu tu baadaye. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1898, Bunge lake lilipitisha azimio lenye kifungu cha Seneta Henry Teller wa Colorado: Marekani haina nia ya kukitawala kisiwa hicho, isipokuwa kwa ajili ya kukituliza, na baada ya hapo itawaachia wenyewe utawala wao. Ni ahadi nzuri. Lakini ni nani atakayeamua kwamba kisiwa kimetulia? Azimio halikusema.

Dalili zilijitokeza mapema. Santiago iliposalimu amri Julai, wapiganaji wa Jenerali Calixto García walizuiwa kuingia katika mji walioshiriki kuuzingira. Desemba, Hispania na Marekani zilitia saini mkataba wa amani mjini Paris bila Mkuba hata mmoja mezani. Tarehe 1 Januari 1899 bendera ya Hispania ilishushwa Havana, na iliyopandishwa ilikuwa ya Marekani.

Ndipo ikaja sheria yenyewe. Waziri wa Vita, Elihu Root, aliandaa masharti. Seneta Orville Platt wa Connecticut akayawasilisha. Na yote yakapachikwa kwenye muswada wa matumizi ya jeshi, uliotiwa saini na Rais McKinley tarehe 2 Machi 1901. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watautambua mchezo huo: jambo zito huchomekwa ndani ya bajeti, kwa kuwa bajeti lazima ipite. Kuba isingeruhusiwa kufunga mkataba na dola nyingine utakaodhoofisha uhuru wake, wala kukopa kupita uwezo wa mapato yake ya kawaida. Ingeuza au kukodisha ardhi kwa ajili ya vituo vya makaa ya mawe na vya jeshi la majini. Na Marekani ingekuwa na haki ya kuingilia kati ili, soma vizuri, kulinda uhuru wa Kuba.

Jeshi la Marekani lisingeondoka hadi masharti hayo yawe sehemu ya mfumo wa katiba ya Kuba. Wajumbe wa Bunge la Katiba mjini Havana walikataa kwanza, wakatuma ujumbe Washington, wakarudi na maelezo laini ya Root kwamba kuingilia kati si kujitia katika mambo ya ndani. Juan Gualberto Gómez, mzaliwa wa wazazi watumwa, hakudanganyika. Kwake, masharti hayo yalikuwa sawa na kumkabidhi jirani ufunguo wa nyumba aingie saa atakayo. Tarehe 12 Juni kura zilikuwa 16 dhidi ya 11, na masharti yakapita. Siwalaumu sana wale 16. Waliwekewa mezani jamhuri yenye mnyororo au utawala wa kijeshi usio na tarehe ya mwisho. Miezi michache baadaye, gavana wa kijeshi, Jenerali Leonard Wood, alimwandikia Rais Theodore Roosevelt akikiri kwamba chini ya masharti yale Kuba ilibakiwa na uhuru mdogo sana, au haukuwapo kabisa.

Jamhuri ilizaliwa tarehe 20 Mei 1902. Madhara makubwa ya sheria ile, kwa maoni yangu, hayakuwa majeshi yaliyorudi bali tabia iliyojengeka. Rais Tomás Estrada Palma alipochaguliwa tena katika uchaguzi uliolalamikiwa, wapinzani wake wa chama cha Liberal walishika silaha Agosti 1906. Rais akaiomba Marekani iingilie kati, kisha akajiuzulu. Wapinzani nao waliona kwamba Wamarekani wakija, uchaguzi ungerudiwa. Serikali na waasi, wote wawili, walikata rufaa kwa mahakama moja, na mahakama hiyo haikuwa wananchi wa Kuba. Wamarekani wakatawala hadi 1909. Mwanasiasa anayejua kwamba hatima yake itaamuliwa ng'ambo atajifunza vipi kumsikiliza mpiga kura wake?

Mwaka 1934 masharti ya Platt yalifutwa kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 29 Mei. Wengi huishia hapo. Mei hiyohiyo, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kugawa viwango vya sukari, na tangu hapo kiasi ambacho Kuba ingeuza katika soko lake kuu kikawa kinapangwa Washington. Tangu mkataba wa 1903, uliopunguza ushuru wa sukari ya Kuba kwa asilimia 20, uchumi wa kisiwa ulikuwa umeelemea zao moja na mnunuzi mmoja. Rais Eisenhower alipokikata kiwango hicho mwaka 1960, hakuhitaji kutuma askari.

Guantánamo nayo ilibaki. Mkataba wa 1934 unasema ukodishaji utakoma kwa ridhaa ya pande zote mbili, maana yake mpangaji asipotaka hatoki.

Mwaka 1996 likaja jambo ambalo Platt mwenyewe hakuthubutu. Sheria ya Helms-Burton iliweka vigezo vya serikali ya mpito ambayo Marekani ingeitambua Kuba, na mojawapo ni kwamba isiwemo Fidel Castro wala Raúl Castro, kwa majina. Fidel alifariki Novemba 2016. Jina lake bado limo katika sheria hiyo.