Haki ya Mnunuzi Katika Magulio ya Uingereza

Wanaotetea magulio ya kila wiki katika miji ya Uingereza huyaita urithi: vibanda vya turubai barabarani, jibini, maua, sauti za wachuuzi. Utetezi huo ni dhaifu, kwani pambo la watalii laweza kuwekwa popote. Ninachodai hapa ni kwamba gulio lilikuwa kwanza taasisi ya haki, na haki hiyo ilimlinda hasa mnunuzi mwenye fedha kidogo.

Katika Enzi za Kati ruhusa ya kuanzisha gulio ilitoka kwa mfalme. Aliyepewa hati, awe kabaila, abasia au mji wenyewe, alikusanya ushuru, na tamaa ya ushuru ndiyo iliyowafanya wengi waiombe. Hata hivyo hati iliambatana na wajibu: siku maalumu, mahali maalumu, mizani ya kweli. Karne ya 13, maandishi ya sheria yanayohusishwa na mwanasheria Bracton yaliweka maili 6 na theluthi mbili kuwa umbali wa kulikinga gulio dhidi ya jirani mpya. Safari ya siku nzima ilihesabiwa kuwa maili 20, ikagawanywa mara tatu: kwenda, kufanya biashara, na kurudi kabla ya giza. Mahakama ziliendelea kukitumia kipimo hicho hata mwishoni mwa karne ya 20.

Ila kiini cha hoja kimo katika vita dhidi ya ulanguzi. Kumvizia mkulima njiani ukanunua nafaka yake kabla haijafika sokoni lilikuwa kosa. Kununua ili uuze tena papo hapo, kosa vilevile. Katika miji mingi kengele ilifungua biashara, wananchi wakanunua kwanza mahitaji ya nyumbani, na wafanyabiashara wakubwa wakasubiri zamu yao. Kanuni hizi zilivunjwa mara nyingi, tena na wakubwa. Lakini watu walizijua na kuzidai. Mwaka 1772 Bunge lilifuta sheria zake dhidi ya ulanguzi, na mwaka 1844 likafuta hata kosa lililobaki katika sheria ya kimila. Mwanahistoria E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya 1971, alionyesha kwamba waliofanya ghasia za chakula karne ya 18 hawakuwa kundi lililopagawa kwa njaa tu. Mara nyingi waliikamata nafaka, wakaiuza kwa bei waliyoiona ya haki, kisha wakampa mwenyewe fedha zake. Sijui ushahidi mzito zaidi ya huo: watu wenye njaa walitekeleza kanuni ambazo mahakimu walikuwa wameziacha.

Ulinzi wa mnunuzi ulifika mbali kiasi kwamba, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1994, aliyenunua kwa nia njema katika soko la wazi, kati ya macheo na machweo, aliweza kuimiliki hata mali iliyoibwa. Kufutwa kwa kanuni hiyo kulikuwa sawa, maana mwizi naye alifaidika. Msingi wake, yaani biashara ifanyike hadharani mbele ya macho ya wote, haukustahili kusahauliwa.

Kwa hiyo baraza la mji likilipima gulio kwa kodi ya vibanda pekee, linatumia kipimo cha yule kabaila wa zamani. Na likilihamishia pembezoni, penye maegesho ya magari, linamwondoa mnunuzi anayekuja kwa miguu.