Daraja la sarafu za shaba

Daraja la sarafu ya shaba ni kipimo cha hali ya sarafu hiyo, hasa kiasi ilichochakaa tangu ilipotoka kiwandani. Wakusanyaji hulitumia kukadiria bei. Hata hivyo sarafu mbili za aina moja na mwaka mmoja, zilizopewa daraja lilelile, huweza kutofautiana sana, maana shaba hubadilika rangi na kuliwa na kutu upesi kuliko fedha au dhahabu.

Asili ya kipimo

Kipimo cha 1 hadi 70 kinachotumika leo kilitungwa na mwanasaikolojia William Sheldon wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake. Awali namba ilihusu bei: sarafu ya daraja la 70 ilikadiriwa kuwa na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1. Soko halikufuata hesabu hiyo, lakini namba zilibaki, zikahamia hadi kwenye sarafu za madini mengine. Kuanzia 60 ni sarafu ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Kwa shaba huongezwa rangi: nyekundu, nyekundu-kahawia au kahawia.

Kuchagua kati ya mbili

Mfano mzuri ni pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa miaka 1890–1892. Upande mmoja una tai, wa pili mwandiko wa Kiarabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Tuseme ya kwanza ina manyoya ya tai yanayoonekana vizuri, lakini kuna madoa ya kijani kati ya herufi. Ya pili manyoya yake yamefifia kidogo, ila uso ni laini na kahawia sawasawa. Hapo ya pili ndiyo bora, hata kama namba ni moja. Kutu ya kijani iliyo laini au ya ungaunga, yenye kloridi, huendelea kula shaba kila inapopata unyevu.

Manyoya kufifia nako si lazima kuwe ni uchakavu. Pengine muhuri uligonga kwa nguvu ndogo. Katika hali hiyo sehemu iliyofifia huwa na mng'aro uleule wa sehemu nyingine. Iliyochakaa huonekana tofauti kwa rangi.

Sarafu iliyosuguliwa ni mtego mkubwa zaidi. Ndimu, majivu na mchanga huiacha na rangi ya waridi isiyo ya asili, na mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Mikwaruzo hiyo huonekana sarafu ikizungushwa polepole chini ya taa moja. Rangi iliyoondolewa hivyo hairudishiki.

Sarafu nyekundu huuzwa ghali kuliko ya kahawia ya daraja hilohilo. Mnunuzi akumbuke kwamba wekundu huo hupotea ukihifadhiwa vibaya, wakati kahawia iliyokomaa haibadiliki sana. Anayeishi penye hewa ya chumvi, kama mwambao wa Afrika Mashariki, ana sababu ya kupendelea kahawia.

Utunzaji

Sarafu hushikwa ukingoni, kwani jasho la vidole huacha alama. Mifuko ya plastiki ya PVC haifai, kwa kuwa hutoa utelezi wa kijani unaoharibu shaba.