Mzigo wa kilo 25: mpagazi wa Kisii na begi langu

Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Tuna swali linalorudi kila likizo ya Desemba inapokaribia: nikienda mashambani Nyamira wiki mbili, umeme ukikatika na mvua ikiharibu barabara, nibebe nini? Nimejibu hilo mara nyingi kwa orodha ya tochi, chaja za sola na simu zisizoingia maji. Safari hii najibu kwa historia, kwa sababu milima hiyo hiyo ya Wagusii iliwahi kufanyiwa jaribio kubwa la vifaa vya safari, na matokeo yake yalikuwa makaburi.

Tarehe 12 Septemba 1914 palipiganwa vita pale Kisii mjini. Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo na kuuteka mji, ambao wakati ule ulikuwa boma na maduka machache tu. Askari wa KAR wakatoka Kisumu kuwakabili. Mapigano yalikuwa ya siku moja, kamanda wa upande wa Waingereza, Kapteni Thornycroft, akauawa, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Wenyeji walipoona pande zote mbili zimeondoka waliingia mjini wakabeba walichoona kinafaa, hata misheni za Nyabururu na Nyanchwa hazikupona. Adhabu ya serikali ilikuwa kali. (Msisahau kwamba ni miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Otenyo amchome mkuki ofisa Northcote mnamo 1908.)

Lakini vita yenyewe si hoja yangu. Hoja yangu ni kilichofuata: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake ndilo limetupa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mbung'o waliua farasi, ng'ombe na punda huko kusini, malori yalizama matopeni, basi kila kitu kikawekwa kichwani mwa binadamu. Vijana wa Kisii walichukuliwa pamoja na wenzao wa Nyanza nzima. Mwaka 1917 msako ukawa wa jumla, ukisimamiwa na John Ainsworth, mtu aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa huo huo wa Nyanza.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa pauni 50 hadi 60, yaani kilo 23 hadi 27. Sasa sisi watu wa kompyuta tufanye hesabu. Tuseme mzigo ni kilo 25 za unga, na mbebaji anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Askari aliye mbele anapata kilo tano. Safari ikipita siku kumi na mbili na nusu kwenda, haifiki hata punje. Utaongeza wapagazi? Nao wanakula. Programu inayojiita yenyewe bila kituo, na kila mwito unameza kumbukumbu, mnajua inaishia wapi. Makamanda walijua kuhesabu vizuri tu. Waliendelea hata hivyo, na upungufu ukakatwa kwenye posho ya mbebaji.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya njaa. Chakula walichopewa kilikuwa hasa unga wa mahindi. Mgusii wa wakati ule alikulia obokima ya wimbi; mahindi hayakuwa bado chakula chake cha kila siku. Tena unga ule uliosagwa vibaya unataka kuchemshwa muda mrefu, na kuchemsha kunataka chungu, kuni kavu na nafasi ya kupumzika. Mtu aliyefika kambini usiku, mvua inanyesha, sufuria moja inagombaniwa na kundi zima, alikula unga nusu mbichi. Matumbo yakaharibika, kuhara damu kukafuata. Kuhara huko pamoja na malaria viliua wapagazi wengi kuliko risasi, na watu wa nyanda za juu zenye baridi hawakuwa na kinga ya malaria ya mabondeni. Hesabu rasmi inataja zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza. Wako wanahistoria wanaokaribia 100,000.

Yaani kifaa kilichokosekana kilikuwa sufuria.

Kuna kifaa kingine cha wakati ule ambacho mwandishi wa programu hawezi kukipita. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi, alitaka kila mmoja ajulikane: namba, jina, kwao wapi. Namba iliandikwa kwenye kibati ambacho mtu alikivaa, kwani karatasi isingedumu porini. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba kibati ni ufunguo tu. Rejista yenyewe ikiwa na mapengo, ufunguo haufungui kitu. Ujira wa maelfu ya waliokufa haukuwafikia jamaa zao, na Watkins akapigania kwa miaka pesa hizo zitumiwe kwa faida ya Waafrika bila kufanikiwa. Serikali ilichojifunza ni kingine kabisa: baada ya vita ikaanza kutekeleza sheria ya kipande ya 1915, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kikopo kile kilistahimili mvua na jasho barabara. Kilitengenezwa kumlinda mwajiri.

Karne moja baadaye, Machi 2013, mashine za kutambua wapigakura ziligawiwa nchi nzima, na siku ya kura betri zikaisha katika madarasa mengi yasiyo na umeme. Makarani wakarudi kwenye daftari lililochapishwa. Miezi michache tu baadaye mwaka huo huo, vijana wa Ushahidi wakachangisha pesa kwa ajili ya BRCK, modemu ngumu yenye betri ya saa nane hivi. Niliipenda kwa sababu walianza na swali la umeme kabla ya swali la kasi.

Haya, begi langu la Nyamira. Sufuria moja nyepesi yenye mfuniko. Unga ambao tumbo langu linaujua. Kiberiti ndani ya chupa kavu, tochi ya betri ninazoweza kuzipata Keroka au Nyansiongo, paneli ndogo ya sola. Simu haichajiwi ukutani mawingu yakijikusanya, maana radi za huko hazina utani. Na namba za simu za watu wangu nimeziandika kwa penseli kwenye karatasi, nakala moja kwangu, nyingine imebaki nyumbani. Vyote kilo tisa.