Saa tatu usiku ya babu: historia fupi ya kurekodi televisheni kwa ratiba

Jumanne usiku, hosteli

Wadau, nilipotea kidogo. Wiki mbili hizi ni test juu ya test, na boom lenyewe limechelewa, basi hata hamu ya kuandika haikuwepo. Leo darasani mhadhiri wetu alisema kompyuta haikosei, inabeba kosa la mtu aliyeijaza. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilimkumbuka babu.

Kwa msiopajua kwetu, Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Wilaya ilizaliwa mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Geita ulipoanzishwa. Mgodi wa Bulyanhulu hauko mbali nasi, na wazee wengi wa huku wamegusa dhahabu kwa namna moja au nyingine. Babu alikuwa mchimbaji mdogo. Amekaa kwenye maduara miaka mingi, mwishoni akawa na karasha lake la kusagia mawe.

Likizo yangu ya mwaka wa kwanza, watu wa kituo kimoja cha televisheni walikuja kupiga picha za wachimbaji. Babu akahojiwa, tena alivaa koti la suti juani. Wakamwambia kipindi kitaruka Jumapili saa 3 usiku. Bahati mbaya tukapata msiba upande wa bibi, ikabidi nyumba nzima tusafiri. Jumamosi jioni kabla ya kuondoka nikachomeka flashi kwenye king'amuzi, nikafungua ratiba, nikakiona kipindi kwa jina lake, nikabonyeza rekodi. Nikamwambia, "Babu usiwe na wasiwasi, mashine itafanya kazi yote."

Tuliporudi Jumatatu, ukoo ukajaa sebuleni. Faili lipo, dakika 60 kamili. Kulifungua, ni miziki na matangazo mwanzo hadi mwisho. Jirani aliyebaki akasema yeye alimwona babu saa 3 kamili usiku, kaongea vizuri sana. Nikarudi kwenye orodha ya rekodi, ndipo nikaona: 03:00. Yaani saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili! Saa 3 usiku imejazwa kwenye ratiba kama 03:00 badala ya 21:00, na mimi nilisoma jina tu, saa sikuitazama.

Babu hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa hiyo mashine ilirekodi nini?" Mwaka uliofuata akafariki. Sauti yake hatunayo popote. Niliandika barua pepe kuomba nakala, sikujibiwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili, na leo nawaletea kidogo.

Enzi za deki, miaka ya 1970 na 1980, ratiba na mashine vilikuwa vitu viwili tofauti. Ratiba ilikuwa gazetini. Mtu anaisoma, halafu anaingiza mwenyewe siku, saa na chaneli kwenye deki. Wengi walishindwa, saa ya deki ikabaki inawaka na kuzima 12:00 mwaka mzima. Kwetu Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994 vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Kwa hiyo huku deki nyingi zilikuwa za kuangalizia mikanda, kurekodi kwa ratiba halikuwa jambo la wengi.

Wajerumani waliligundua tatizo mapema. Mwaka 1985 Ujerumani Magharibi ilianza mfumo unaoitwa VPS. Kituo kinarusha alama iliyofichwa ndani ya picha, na alama hiyo inabeba siku na saa ambayo kipindi kilitangazwa kuanza. Alama inatoka wakati kipindi chenyewe kiko hewani. Mpira ukienda dakika za nyongeza na taarifa ya habari ikachelewa, deki inasubiri tu mpaka ione alama yake. Akili kubwa! Anayejua kipindi kimeanza ni yule anayekirusha, basi na aseme yeye.

Wamarekani wakapita njia nyingine. Mwaka 1990 kampuni ya Gemstar ilileta VCR Plus+. Kila kipindi gazetini kiliwekewa namba, ukiingiza namba ile tu mashine inajua chaneli, siku, saa na urefu. Inaelezwa kwamba Henry Yuen, mmoja wa waanzilishi, alipata wazo hilo baada ya kushindwa kurekodi mechi ya baseball. Namba ziliondoa makosa ya vidole vya mtazamaji. Ila tazameni: ratiba ikibadilika baada ya gazeti kuchapwa, namba haina habari. Uaminifu wote umehamia kwa aliyeandaa ratiba.

Mwaka 1999 zikaja TiVo na ReplayTV, zinarekodi kwenye diski na kupakua ratiba zenyewe. Mwaka 2002 Isaac Richards akaanza MythTV, programu ya bure ya kugeuza kompyuta yako kuwa mashine ya kurekodi. Hapo ndipo ubora wa ratiba ulipoonekana wazi. Programu kama hii haitazami picha. Unaiambia "nataka vipindi vyote vipya vya jina hili", nayo inalinganisha maandishi ya ratiba: jina, kichwa cha sehemu ya leo, maelezo. Kama kila wiki maelezo ni yaleyale, haiwezi kutofautisha kipindi kipya na marudio. Ama itarekodi vyote mpaka diski ijae, au itaruka kile ulichokuwa unakisubiri.

Na ratiba zenyewe zinatoka wapi? Watengenezaji walitumia XMLTV, mkusanyiko wa programu nyingi zilizochota ratiba kutoka kurasa za intaneti na kuziweka katika muundo mmoja. Ukurasa ukibadilishwa sura leo, kesho hakuna ratiba. Marekani watu walipewa data bure na Zap2it Labs, lakini huduma ile ikafungwa Septemba 2007. Mashine zilikuwa nzima, diski nzima, ila bila ratiba zingekuwa vipofu. Wanajumuiya wakaunda Schedules Direct, wakakubali kulipa ada ili waendelee kupata data. Watu waliozoea programu za bure wakalipia orodha ya vipindi! Walishajua thamani iko wapi.

Kwetu ratiba iliingia ndani ya mawimbi pamoja na ving'amuzi. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza na miji mingine ikafuata 2013. Katika mfumo huu wa DVB, kila kipindi kina jina, muda wa kuanza na urefu. Muda unatumwa kwa saa ya dunia ya UTC, kisha king'amuzi kinaongeza tofauti ya nchi, kwetu saa 3.

Sasa hesabuni nami. Babu aliambiwa saa 3 usiku. Kwa mfumo wa saa 24 ni 21:00. Ndani ya mawimbi inatakiwa isomeke 18:00. Wakati mmoja, namba tatu! Mjerumani hana shida hii ya saa inayohesabiwa kuanzia machweo. Sisi tunayo kila siku, tunaibadilisha kichwani bila kujua kuwa tunabadilisha. Siku mtu akisahau kubadilisha, televisheni haizimiki wala taa nyekundu haiwaki. Watazamaji waliokaa mbele ya kioo wanaona kipindi kama kawaida. Anayeumia ni yule ambaye hayupo nyumbani, na rekodi zipo kwa ajili yake hasa.

Ndiyo maana naona tunakosea tukidhani ratiba ni pambo la skrini. Kwa mashine ya kurekodi ratiba ni amri. Anayeijaza kituoni anaendesha vifaa vya watu asiowajua, hadi Kharumwa, na hatajua kamwe kipi kimepotea. Ningekuwa na uwezo ningetaka vituo vyetu viwe na mtu wa kuikagua, hasa saa za usiku, na kuirekebisha kipindi kinapochelewa.

Sisi watazamaji tusome saa, siyo jina peke yake. Tuanze rekodi dakika 5 kabla na tumalize dakika 15 baada. Dakika hizo zinaokoa kipindi kilichochelewa. Kosa la saa 18 haziliokoi, hilo ni macho yako tu.

Bibi bado ananiuliza kwenye simu kama kile kipindi kitarudiwa. Nikiwa nyumbani napitia ratiba ya wiki nzima, jina na saa. Sijakiona.

Haya wadau, ngoja nilale. Kesho nina test saa 2 asubuhi, na nimetega kengele 08:00, nimehakikisha mara mbili.