Haki ya Mwathirika na Haki ya Mtuhumiwa

Uovu unapotendeka kijijini, iwe ni Misima wilayani Handeni au kwa jirani zetu wa Korogwe, hukumu mbili huweza kutangulia ile ya mahakama. Ya kwanza husema: ni yeye, apigwe. Ya pili husema: yaishe nyumbani, tusiaibishane. Ile ya kwanza humnyima mtuhumiwa nafasi ya kusikilizwa. Hii ya pili humnyima mwathirika. Zote mbili huuzika ukweli. Basi tutazame Maandiko Matakatifu, Mama Kanisa na sheria za nchi yetu vinafundisha nini juu ya haki za pande hizi mbili.

Maandiko Matakatifu

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili waliokuwa waamuzi walitaka kumnajisi Susana. Alipokataa, walimsingizia uzinzi, na kusanyiko likamhukumu kifo kwa sababu waliosema walikuwa watu wa heshima. Danieli aliwatenga mashahidi hao, akamwuliza kila mmoja peke yake tendo lilifanyika chini ya mti gani. Majibu yakatofautiana. Susana alikuwa mwathirika na mshtakiwa kwa wakati mmoja, na uchunguzi uliomwokoa ndio uliowafichua waliomdhulumu. Nikodemo naye aliwakumbusha Mafarisayo kwamba Torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yn 7:51).

Sheria ya Kanisa

Kanuni ya 220 inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu. Kanuni ya 1321, kama ilivyorekebishwa na Baba Mtakatifu Fransisko na kuanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, inatamka wazi kwamba kila mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Baba Mtakatifu huyo huyo, katika Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, aliwawajibisha wakleri na watawa kutoa taarifa za dhuluma za kijinsia, akaagiza waliodhulumiwa wasikilizwe na kupewa msaada wa kiroho, wa kitabibu na wa kisaikolojia, na akakataza aliyetoa taarifa asilazimishwe kunyamaza. Hati hiyo hiyo inalinda haki ya mtuhumiwa ya kutohesabiwa mkosaji kabla ya wakati.

Sheria za nchi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inashika njia hiyo. Ibara ya 13(6) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hajathibitika kuwa na hatia, na inakataza mateso. Ibara ya 107A(2) inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika kutokana na makosa ya wengine.

Jambo linalowakwaza wengi ni dhamana. Mshtakiwa akionekana tena kijijini, watu husema amehonga. Dhamana si kuachiwa huru. Ni ahadi yenye masharti kwamba atarudi mahakamani, na shauri linaendelea. Kwa makosa kama uuaji na uhaini, sheria haitoi dhamana. Mwaka 1991, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilieleza kwamba Katiba inatambua haki za mtu binafsi sambamba na haki za jamii, na kwamba uhuru wa mtu hauwezi kuondolewa bila utaratibu wa haki.

Yasiyomalizwa nyumbani

Usuluhishi una nafasi yake katika makosa madogo ya mtu na mtu. Ubakaji wa mtoto haumo humo. Adhabu yake kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na fidia kwa mwathirika. Mtoto anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi kusema kweli, na ushahidi wake peke yake unaweza kutosha ikiwa mahakama, kwa sababu itakazozieleza, imeridhika kwamba anasema kweli. Ndugu wakipokea fedha au mbuzi na kumficha mtoto, shauri hukosa msingi. Mtoto hubaki na jeraha lake. Na kama mtuhumiwa hakutenda kosa, hubaki na doa lisilofutika, kwa kuwa hakuna mahakama iliyomsafisha.

Kwa hiyo familia iende mapema Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ipate fomu ya PF3, na mtoto atibiwe. Asiye na uwezo, awe mwathirika au mshtakiwa, atafute msaada kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na msamaha?

Msamaha wa Kikristo haufuti shauri. Mtakatifu Yohane Paulo II alimsamehe aliyempiga risasi mwaka 1981, akamtembelea gerezani mwaka 1983. Mtu yule aliendelea kutumikia kifungo chake. Mtoto aliyeumizwa asishurutishwe kusamehe ili wakubwa wapate utulivu.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinao wajibu wa pande zote mbili: kumsindikiza aliyeumizwa bila kumhoji kwa udadisi, na kuilinda nyumba ya mtuhumiwa, mke na watoto wake, dhidi ya matusi na kisasi. Mwenye ushahidi aupeleke kwa wenye mamlaka. Asiye nao aulinde ulimi wake.